Masasi yalitoka wapi? Bunduki upande wetu wa ziwa, toka gumegume mpaka Kalash



Katika mikutano ya mwaka huu kuna hoja moja ambayo imerudi zaidi ya mara moja. Vijana wanauliza: juu ya nini kese ya chama isitoe franka kidogo, tununue bunduki mbili tatu za kulinda watu siku ya hatari? Wengine wameshafika mbali kuliko hapo, wanabishana bunduki gani: kalibre 12 ya wawindaji, ama Kalash. Komite ilituomba sisi tunaoandika jarida hili tusijibu kwa maneno matupu, tutafute kwanza historia. Na kweli swali haliko jipya. Babu zetu pembeni ya Tanganyika walilijibu, baba zetu wakalijibu tena kule milimani Fizi, na sisi wenyewe tuliona likijibiwa mbele ya kupanda mitumbwi kwenda Kigoma. Kila mara watu walitazama bunduki. Sisi, tulipochunguza, tumekuta kwamba cha kutazama kilikuwa masasi: yanatoka wapi, na yule anayeyaleta anataka nini.

Tuanze na misafara. Njia tunaijua wote: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha kuvuka maji na kupanda mpaka Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Karne ile ya 19 majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha kila mara, na zile za zamani zikauzwa Afrika. Nyingi zilipitia Unguja. Ndizo gobore tunazozisikia katika hadithi za bazee, bunduki ya kushindilia kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kitambaa au majani, kisha kipande cha risasi au chuma.

Zilikuwa za aina mbili, na hapo ndipo watu walipochagua. Ya kwanza ni gumegume, inayowaka kwa jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Ya pili, iliyokuja nyuma, ni ya fataki: kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, nyundo ikikigonga moto unaingia kwenye baruti. Ya fataki ilikuwa bora, haisumbuliwi sana na unyevu. Lakini fataki haichimbwi, inatoka kiwandani ng'ambo ya bahari. Ikiisha, umebaki na fimbo ya bei kali. Kwa hiyo sehemu nyingi za Afrika watu waliendelea kupenda gumegume hata wakati Wazungu walishaiacha kitambo. Jiwe linapatikana. Mhunzi wa kijiji anaweza kutengeneza nyundo iliyovunjika, anaweza kufua vipande vya chuma viwe risasi. Haukuwa ujinga. Walichagua silaha ambayo mikono yao inaweza kuitunza.

Kilichowashinda ni baruti. Upande wetu huu baruti nyingi ilipanda toka pwani kwa mabega ya wapagazi, mwendo wa miezi. Mwenye kuimiliki njia ndiye mwenye baruti, na njia ilikuwa ya wakubwa wachache. Hamed bin Muhammed, huyu tunayemwita Tippu Tip, alieleza mwenyewe kwamba jina lake ni mlio wa bunduki zake. Kule Ujiji alikuwako Rumaliza, na mkono wake ulifika mpaka pande zetu za ziwa. Mwami au sefu aliyetaka baruti alilipa kwa pembe za ndovu. Pembe zikiisha, alilipa kwa watu. Mtu ananunua gobore ili watoto wake wasikamatwe. Ili apate baruti ya gobore hiyo, anakwenda kukamata watoto wa jirani. Jirani naye anaona hakuna namna, anatafuta gobore. Hatusemi kila kijiji kilifanya hivyo, lakini ndivyo nchi kati ya ziwa na Lualaba ilivyoharibika ndani ya miaka kama thelathini, na hapakuhitajika watu wabaya zaidi kuliko wengine. Kule Katanga, Mwami Msiri wa Bunkeya alijenga dola nzima kwa kuuza shaba, pembe na watu kwenye bahari zote mbili ili apate bunduki na baruti. Alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Dola iliyokuwa inategemea baruti ya wageni haikudumu baada yake.

Wazungu waliielewa hesabu hii vizuri sana. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya, pamoja na Dola Huru la Kongo, walitia sahihi mapatano ya Brussels. Kwa nje yalikuwa ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa vipengele vya silaha, vikihusu Afrika toka digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini, yaani sisi wote tuko ndani. Bunduki mpya za mitutu yenye mikato na masasi yake zilikatazwa kuuzwa kwa watu wa hapa. Iliyoruhusiwa, kwa masharti, ni gumegume na baruti yake ya kawaida. Tusome vizuri: hawakutunyang'anya bunduki zote. Walituchagulia ile ambayo isingewashinda wao. Ndiyo maana gobore zilibaki vijijini kwetu muda mrefu namna ile, na mpaka leo wawindaji wanatengenezewa zinazofanana nazo.

Wao wenyewe walishika nini? Jeshi lao, Force Publique, lililoundwa katikati ya miaka ya 1880, lilibeba Albini, bunduki ya Kibeljiji ya milimita 11, risasi moja moja, inayojazwa nyuma. Risasi yake ni kartushi: ganda la madini, baruti, fataki na risasi, vyote vimefungwa pamoja kiwandani. Hapa mhunzi alikwisha kazi. Kartushi hauwezi kuifua kwenye mfua wa kijijini. Toka siku ile, mwenye kuchagua bunduki amechagua pia kiwanda.

Na kartushi inahesabika. Hili lilizaa jambo ambalo kila Mkongomani amelisikia, lakini wachache wanajua lilivyounganika na masasi. Katika nchi za mpira, hasa Equateur, si hapa kwetu, maofisa waliogopa askari wasitumie kartushi kuwinda nyama, au wasizifiche kwa ajili ya uasi. Kwa hiyo askari alitakiwa kuonyesha kwamba risasi iliyopotea imeua mtu: alete mkono wa kuume. Risasi moja, mkono mmoja. Aliyepiga mnyama, au aliyekosa shabaha, alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie. Konsoli wa Waingereza Roger Casement alizunguka kule mwaka 1903, na ripoti yake ya 1904 ikalipeleka jambo hilo duniani kote. Sisi tunalitaja hapa kwa sababu linaonyesha kitu kimoja wazi: huyo askari mwenyewe, na Albini yake begani, hakuwa na uhuru hata wa kukosa shabaha. Aliyemgawia kartushi ndiye aliyekuwa anaishika ile bunduki.

Wakati wa Wabeljiji, baada ya 1908, hatuna mengi ya kusema. Bunduki ya kisasa ilikuwa ya askari na ya Mzungu. Mweusi aliyehesabiwa mwaminifu aliweza kupata kibali cha kuwinda. Tupite.

Mwaka 1964 bazee wengi wa chama hiki wanaukumbuka, wengine walikuwa watoto. Uvira ilianguka mwezi wa tano, Albertville (Kalemie ya leo) mwezi wa sita, na mwezi wa nane Simba wakaingia Stanleyville. Walianza na nini? Mikuki, mapanga, mishale, na ile maji ya kunyunyiziwa, kwamba masasi ya adui yatageuka maji. Vijana wa leo wanaicheka. Sisi hatucheki. Kwa mtu asiye na kartushi hata moja mbele ya jeshi lenye FN, dawa ya kufanya masasi ya yule mwingine yasifae kitu ilikuwa jibu la swali lenyewe hasa, hata kama ni jibu la uongo. Na kwa majuma kadhaa ilifanya kazi, juu askari wa serikali pia waliiamini: walikimbia, wakaacha bunduki zao, na Simba wakaziokota. Lakini bunduki ya kuokota inakuja na masasi yaliyomo ndani yake tu.

Kisha silaha zikaanza kuvuka ziwa toka Kigoma. Zilitoka China na Urusi ya Wasovieti, zikipitia Tanzania, zikashushwa pwani ya Kibamba kwa mashua za usiku. Tarehe 24 Aprili 1965 alishuka pia Che Guevara na Wakuba wake wa kwanza, na daftari aliloandika kuhusu miezi saba ile ni ushuhuda mkubwa kwa swali letu. Anaeleza namna shehena zilivyofika: mizinga na bunduki kubwa bila masasi au zimekosa vipande, bunduki ndogo zimeletewa masasi yasiyo yake, mabomu ya kutega hayana viwashio. Anaeleza pia vijana waliofumba macho na kubana kidole mpaka masasi yaishe. Silaha zilikuwa nyingi, kwa kweli. Kilichokosekana ni kitu chenye kuziunganisha.

Tufafanue kidogo hapa, kwa sababu vijana wetu wanaobishana wanasema "saba sitini na mbili" kana kwamba ni kitu kimoja. Haiko hivyo. Risasi ya Kalash ina ganda la milimita 39. Ya FN ya Wabeljiji, waliyokuwa nayo askari wa Léopoldville na mamluki, ina ganda la milimita 51. Zote unene wake unaandikwa 7.62, lakini moja haiingii mahali pa nyingine. Mwaka 1965 milimani kwetu kulikuwa na silaha za pande zote za dunia, na kila moja ilikuwa inangoja mashua yake.

Mashua zikasimama. Mwezi wa kumi, kule Accra, marais wa Afrika walikubaliana mambo yao na Kasavubu. Kisha Tanzania ikawaambia Wakuba inatosha. Mwezi wa kumi na moja waliondoka usiku kurudi Kigoma. Hakuna aliyewauliza wakulima wa Fizi. Waliobaki na Laurent-Désiré Kabila, waliounda PRP mwaka 1967 na kushika milima ya Hewa Bora, walilazimika kutafuta masasi kwa njia nyingine: dhahabu na pembe zilizovushwa ziwani, na michango ya watu wa ndani ya eneo. Familia zilizokuwa zimepanda mlimani ili zilindwe zililima shamba la chama kando ya shamba lao. Wengine wanaikumbuka miaka ile kwa heshima, wengine kwa uchungu, na nyumbani mwetu mna wote wawili. Lakini nani alilipa masasi, hapo hapana ubishi.

Tunafika kwa Kalash. Mwaka 1994 jeshi lililoshindwa Rwanda lilivuka na silaha zake kuingia Kivu. Miaka miwili baadaye vita ya AFDL, na 1998 ile nyingine. Hapo ndipo bunduki ikawa kitu ambacho kijana anaweza kukiota, kama baiskeli. Watu waliichagua Kalash kwa sababu tatu, nasi tuzitaje kwa haki: haiogopi matope, inafundishwa kwa siku moja, na masasi yake ndiyo yaleyale ya kila mtu. Ya tatu ndiyo kubwa. Ukiwa na silaha ya aina moja na jeshi, na adui, na adui wa adui, masasi hayakosekani sokoni.

Sawa, lakini soko hilo ni la nani? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba makundi ya mashariki hupata masasi mengi kutoka ndani ya jeshi la taifa lenyewe: ya kutekwa vitani, ya kupewa kwa mapatano, na ya kuuzwa na askari ambaye mshahara haujafika. Kwa hiyo kijana aliyeshika Kalash kulinda kijiji dhidi ya watu wenye sare ananunua risasi kwa mtu mwenye sare. Franka anazitoa wapi? Kwenye barieri. Kwenye gunia la muhogo la mama anayekwenda soko. Upande wa Masisi na Walikale kodi hii imepewa jina tamu, "lala salama": unalipa, unapewa kijikaratasi, unalala. Sisi tuliorudi Fizi hatuhitaji kueleza zaidi. Kila mmoja anajua kati ya nyumba yake na Baraka amefungua mkoba mara ngapi.

Wenye hoja wana neno lao, na tunalisema kama wanavyolisema. Serikali iko mbali. Kofia za bluu zilikuwako na watu waliuawa. Na ni kweli kuna vijiji ambamo vijana wenye bunduki chache waliwachelewesha washambuliaji, na watu wakapata usiku mmoja wa kukimbia. Baadhi yetu tuko hai juu ya usiku kama huo. Hatutawatukana waliotupa. Tunauliza tu kilichofuata: mwezi wa pili, masasi yale kumi na tano yalipokwisha, nani aliyeleta mengine, na alidai nini? Katika kila kisa tulichosikia toka kwa wanachama, jibu lilikuwa mtu wa nje ya kijiji, na alichodai kilikuwa vijana wenyewe.

Halafu kuna jambo la ziwa. Mwaka 1996 na miaka iliyofuata, waliovuka walivuka na nini? Sufuria, chumvi, mbegu za mahindi, kitabu cha ubatizo, cheti cha shule kilichofungwa katika nailoni. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, Lugufu 1997. Mapatano ya umoja wa Afrika ya 1969 kuhusu wakimbizi yanamtaka mkimbizi asifanye vurugu dhidi ya nchi nyingine toka pale alipopokelewa, na kambi ni ya raia. Aliyeshuka Kigoma na bunduki hakupokelewa kama mkimbizi. Ilimbidi aiache, la sivyo alichukuliwa mahali pengine. Hivyo silaha ileile iliyokuwa ufunguo hapa ilikuwa kufuli kule. Tulipoanza kurudi Baraka mwaka 2005 kwa meli MV Mwongozo, waliohesabiwa kwenye daraja la meli walikuwa watu, mizigo na majina. Chama hiki kilizaliwa katika mizigo ile.

Kuhusu sheria tutakuwa wafupi. Amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka kibali kwa kila silaha na masasi yake. Mwindaji mwenye karatasi zake za kalibre 12 ana haki yake, hatumgusi. Lakini chama kununua silaha, hata moja, hata ya kurithi, ni kuwaweka wanachama wote mbele ya mwendesha mashtaka wa jeshi. Na marafiki wanaotuma mchango kwa ajili ya bati, mbegu na karo ya watoto wana haki kusikia toka kwetu, si toka kwa mwingine, kwamba franka zao hazikugeuka masasi. Hazikugeuka, na vitabu vya hesabu viko wazi kwa sekretari kila Jumamosi.

Tukumbuke pia upande wa kurudisha. Katika Katanga, kikundi cha PAREC cha Mchungaji Ngoy Mulunda kiliwapa watu baiskeli kwa bunduki. Wengi walicheka: baiskeli itazuia nini? Lakini aliyepokea baiskeli alijua spea zake zinauzwa wapi, na fundi ni jirani yake. Ni hesabu ileile ya mhunzi na gumegume.

Komite imependekeza kwamba franka zinazobishaniwa zifanye mambo mawili: kutengeneza mtumbwi wa chama, ambao ubao wa chini umeoza, na kuweka depo ya chumvi, petroli na dawa karibu na maji. Vijana wamepinga pendekezo la kwanza, wanasema mtumbwi ni wa kukimbia na wao wamechoka kukimbia. Hoja zote mbili zitasikilizwa katika mkutano mkuu, na kura itakuwa ya kunyoosha mikono kama kawaida.

Kabla ya siku hiyo tunaomba kitu kwa bazee na bamama waliokuwa mlimani toka 1964 mpaka Hewa Bora. Njooni kwa sekretari, au tutumieni mtoto aje atuite, mtueleze mambo matatu: mliona bunduki za aina gani, masasi yake yaliletwa na nani, na nyumba yenu ilitoa nini ili yafike. Tutaandika kwa lugha yoyote mtakayosema, na asiyetaka jina lake liandikwe halitaandikwa.